Gari Nililolipaka Rangi Uvunguni

Niseme mapema, kabla hujaanza kunionea huruma. Nilitapeliwa, ndiyo. Nilitapeliwa na mtu niliyemhesabu kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini sikuja hapa kulia kwa hilo peke yake. Nimekuja kwa sababu nilichofanyiwa nilikichukua kama kilivyo, nikamfanyia mwanamke ambaye hajawahi kunikosea hata kwa neno.

Majina nimeyabadilisha. Langu silitaji. Wanaonijua hapa Scarborough watanijua tu, na iwe hivyo.

Mimi ni msichana wa Kitanzania. Nimesoma takwimu chuo kikuu hapahapa Toronto, na kazi yangu ofisini ni kutilia shaka namba za watu wengine. Nalipwa kwa kutoamini! Mtu akituma kwenye kundi la kanisa kwamba maji ya ndimu yanatibu kisukari, mimi ndiye ninayeuliza, nani amesema? Mchungaji akimaliza kuhubiri, namfuata kwenye chai na swali mkononi. Ndiyo maana wakaniita Bi Maswali.

Sasa sikia Bi Maswali alivyoliwa.

Kevo ni Mkenya niliyesoma naye. Baba yangu alipofariki Dar, mama alisafiri kwenda kuzika, mimi nikabaki kwa sababu karatasi zangu za uhamiaji hazikuwa tayari. Msiba tukauweka kwenye fleti yetu. Kevo ndiye aliyepanga viti, akapokea watu mlangoni, akaosha masufuria ya akina mama wa kanisa, akalala sakafuni sebuleni na vijana wenzake hadi tulipoanua matanga. Mtu wa namna hiyo unamwekea swali gani?

Kevo huyohuyo ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa mbio za magari.

Uko mbali kidogo, mashariki ya jiji. Siku fulani za kiangazi huwafungulia watu wa kawaida. Hakuna mashindano, hakuna kombe. Unakuja na gari lako lolote lenye breki nzima, unavaa helmeti, mwalimu anakaa pembeni yako, mnazunguka. Unajifunza kushika kona na kukanyaga breki kwa nguvu zako zote bila woga. Siku ya kwanza nilikaa tu kama abiria kwenye kigari chekundu cha Kevo. Tuliporudi kuegesha nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mimi kichwa changu hakitulii. Kikimaliza kuhoji kazi kinahoji imani, kikimaliza imani kinahoji kwa nini niko kwenye basi la barabara ya Lawrence asubuhi yote hii. Kule kwenye kona kilinyamaza. Jamani, kilinyamaza kabisa!

Nikaamua nitatafuta gari langu la kujifunzia.

Nilisoma kila kitu. Ushauri wa wazoefu ni mmoja: mwanzoni usinunue gari la fahari. Nunua dogo, jepesi, la bei ya chini, la gia za mkono, ambalo vipuri vyake vimejaa mjini. Unachookoa, weka kwenye breki na matairi. Usipeleke kule gari ambalo ukilivunja utalia. Na kuliko vyote, angalia uvunguni.

Hili la uvunguni watu wa kwetu linatushinda. Nyumbani mtu akinunua gari hufungua boneti, husikiliza injini, hulizunguka kutazama kama limewahi kugongwa. Hapa injini inaweza kuimba kumbe gari ni maiti. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji hupanda chini ya gari na kula chuma polepole, mwaka hadi mwaka. Juu linang'aa, chini limekuwa kama biskuti iliyomwagikiwa chai.

Hili nililijua. Usiniambie sikujua! Nimelala chali juu ya kipande cha boksi miji ya jirani, Brampton, Ajax, Oshawa, tochi mdomoni, bisibisi mkononi, nikichokonoa magari ya watu. Baba mmoja wa Kihindi kule Brampton, mcheshi, aliniuliza kama nimekuja kununua gari au kulifanyia upasuaji. Nikamwambia upasuaji kwanza. Akacheka, akaniletea kipande kingine cha boksi. Gari lake nililikataa, na aliniaga vizuri.

Ndipo siku moja mgahawani Kevo akaniambia amepata gari kubwa zaidi, na kile kigari chekundu angependa kikae kwangu. Wengine wanakitaka, alisema, lakini anataka kumpa mtu wake.

Nikafurahi. Nikamwambia Jumamosi nitalipitisha kwa fundi mmoja pale barabara ya Kennedy alinyanyue, nione chini, kisha tumalizane.

Kevo hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliangalia kikombe chake cha kahawa, akatabasamu kama mtu aliyezabwa kibao na mtoto mdogo mbele za watu.

"Sista, ni mimi," alisema. "Unataka kunipima mimi?"

Wewe unayesoma hapa unajua uzito wa hilo. Sisi ndugu hatumkagui. Ukikaribishwa chakula hufukunyui sahani kwanza. Kumpeleka rafiki yako kwa fundi ni kumwita mwizi na kumtafutia shahidi. Yule baba wa Brampton nilimchokonoa gari lake na akaniletea boksi, kwa sababu kati yangu na yeye hapakuwa na kitu cha kuvunjika. Kwa Kevo niliona masufuria ya msiba. Nilimwona amelala sakafuni kwetu.

Nikamwomba radhi! Fikiria. Mimi ndiye niliyemwomba radhi.

Cheti cha ukaguzi wa usalama alikuwa nacho tayari, kutoka kwa fundi wake mwenye gereji nyuma ya plaza moja ya maduka. Nikajiambia basi, limekaguliwa. Mama alipoliona alishuka chini na khanga yake mabegani, akaweka mkono juu ya boneti, akaomba Mungu alilinde njia zote litakazopita. Mama alidhani ni la kwendea kazini. Na hapo sikumsahihisha.

Siku yangu ya kwanza kuendesha uwanjani ilikuwa nzuri mno. Asubuhi wahudumu hupitia magari: wanatikisa magurudumu, wanatazama kama betri imefungwa, taa za breki zinawaka, helmeti inakaa. Uvunguni hawaingii, hilo ni jukumu lako mwenyewe. Nilipita. Mwalimu wangu alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, mwenye sauti ya kubembeleza. Mizunguko ya mwanzo aliniambia niache kuminya usukani kana kwamba nakamua nguo.

Halafu ikaja ile sehemu iliyonyooka. Mwishoni kuna kona kali ya kulia, na kabla yake unakanyaga breki.

Nikakanyaga. Pedali ikaenda hadi chini, laini, kama nimekanyaga mto wa kulalia.

Nikakanyaga tena. Hakuna kitu! Mwalimu akasema kwa sauti ileile ya kubembeleza, "Shusha gia. Nyoosha. Twende kwenye majani." Nikashusha gia, gari likapiga kelele, tukatoka barabarani, tukaruka majani na kokoto mpaka likazama na kusimama. Ukuta wa matairi ulikuwa mbele yetu. Karibu sana. Mwalimu alinishika bega, akaniuliza jina la mama yangu. Nilishindwa kulikumbuka.

Walilivuta hadi sehemu ya kuegesha, dereva mwenzangu aliyeegesha jirani akalinyanyua kwa jeki, nikachungulia. Nilichoona sitakisahau. Uvungu wote ulikuwa umepakwa rangi nyeusi nene kama lami, mpya, na kokoto zilikuwa zimeibandua kwa vipande vikubwa. Nyuma ya ile rangi hapakuwa na chuma. Palikuwa na kutu. Kibomba cha mafuta ya breki kilikuwa kimepasuka mahali kilipozungushiwa rangi kama bandeji. Niligusa fremu kwa kidole, kikaingia.

Rangi haijipaki yenyewe, ndugu zangu. Mtu alilala chali pale, akaona alichoona, akafungua kopo.

Nilimwita Kevo tukutane kwenye mgahawa uleule. Njiani nilikuwa nimemwandalia utetezi. Nilitaka aseme hakujua. Nilitaka aseme ni yule fundi wa plaza. Ningemwamini, naapa, ningeamini chochote.

Hakunipa hata hilo. Alisema wakati wa baridi kuna mtu alilikataa baada ya kulinyanyua, kwa hiyo ilibidi alishughulikie. Alilitamka hivyo, kulishughulikia. Nikamuuliza, kwa nini mimi?

"Si wewe ndiye Bi Maswali?" alisema. "Ungeuliza."

"Niliuliza, Kevo. Nilisema nalipeleka kwa fundi."

"Na ukaacha." Alikuwa anakunja kikaratasi cha sukari, hanitazami. "Nilijua utaacha."

Nilijua utaacha! Nimepita katika kudanganywa kwingi, lakini neno hilo ndilo lililonivunja. Urafiki wetu wote, msiba wa baba yangu, sakafu ya sebule yetu, alijua uzito wa vyote hivyo, akavitumia kama ile rangi. Alivipaka juu ya kutu.

Hapa ndipo natamani ungamo langu liishe, mimi nikiwa niliyeumizwa. Haliishii hapa.

Gari lilirudishwa Scarborough kwa kuvutwa. Nikabadilisha kile kibomba kimoja kilichopasuka. Kile kimoja tu. Vingine vilivyobaki, na fremu yenyewe, nikaviacha, kwa sababu kuvitengeneza kungekuwa kama kununua gari lingine. Nilikuwa na hasira. Niliona naidai dunia nzima inirudishie changu. Kichwa changu kinachohoji kila kitu hakikuhoji hilo hata mara moja: mbona ninayemdai ni dunia, na si Kevo?

Ndipo Dada Tumaini akasimama kwenye matangazo baada ya ibada.

Dada Tumaini alikuwa amefika karibuni kutoka Morogoro na binti yake Glory. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za alfajiri. Anabadilisha basi mara mbili na mtoto mkononi, anamwacha Glory kwa jirani, anaendelea. Alisimama akasema kwa ucheshi kwamba anatafuta gari lolote lenye magurudumu manne, hata likiwa na matatu atalisukuma. Watu wakacheka. Mama yangu, niliyekwisha kumwambia nataka kuliuza langu, akanigeukia.

Na kilichonimaliza ni gia za mkono. Hapa ukitangaza gari la gia za mkono, wengi hawajui kuliendesha. Dada Tumaini alijifunzia gari la gia kule kwao. Alipoambiwa alipiga makofi. Alisema hilo ni gari lake, Mungu alimwekea.

Kabla hajaja kuliona, nilikwenda kununua kopo la rangi nyeusi. Ndiyo, hilo nimeliandika. Nilinunua kopo, nikalala chali kwenye boksi lilelile nililokuwa nikilalia Brampton, nikapaka. Rangi ilinidondokea shingoni. Cheti nikakipata kwa fundi yuleyule wa nyuma ya plaza. Hakulinyanyua gari. Aliniuliza tu Kevo hajambo.

Dada Tumaini akaja na Glory. Mtoto akaingia nyuma, akajifunga mkanda mwenyewe, akaanza kuimba. Mama yake anamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ananiuliza kama dirisha lake linashuka. Nikamwambia linashuka. Hilo lilikuwa kweli.

Dada Tumaini akalizunguka, akafungua boneti, akasikiliza injini, kama tunavyofanya kwetu. Kisha akasema kwa upole, akitazama pembeni:

"Mdogo wangu, nilipeleke kwa fundi kwanza, au unaonaje?"

Nikaangalia chini. Nikatabasamu vilevile. Sikujifunza mahali, uso ulijua wenyewe.

"Dada Tumaini," nikasema, "kwani mimi ni nani kwako?"

Akanishika mkono haraka. "Basi, basi, nisamehe. Huku wametuharibu, tunaogopana hata sisi kwa sisi."

Aliniomba radhi! Nilisimama pale na shingo yangu yenye doa jeusi, nikaipokea radhi yake, kisha hela yake.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikikataa lifti zake. Anasimamisha gari nje ya kanisa, ananiita, Bi Maswali, panda twende, Glory anapunga mkono dirishani. Nasema napenda kutembea. Kutembea Scarborough! Kila nikisikia gari la wagonjwa kwenye Lawrence nilikuwa natoka kwenye roshani kutazama linaelekea upande gani. Chakula kikawa hakipiti. Mama akasema nina mawazo ya ndoa.

Nilikuwa na muda wa kusema. Ibada baada ya ibada nilijiambia leo, halafu namwona anavyocheka, naahirisha. Nilipiga hesabu za uwezekano, ndiyo kazi yangu. Mwendo wa mjini ni wa polepole. Haendi barabara kuu. Labda atalibadilisha. Takwimu zinaweza kumfariji mtu mwovu vizuri sana.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, nikapita karibu na jengo lao nikaliona lile gari. Lilikuwa na mlima wa theluji juu, bila alama ya tairi nyuma yake. Nikamuuliza mama. Akasema Tumaini anaogopa barafu, amerudi kwenye basi mpaka kiangazi. Mama akaongeza kwamba ndiyo akili, watu wa kwetu wana haraka sana.

Lakini Dada Tumaini si mwoga. Nikajua ni gari.

Nilikwenda kwao Jumamosi. Alikuwa anachambua mchicha wa dukani, redio iko chini, Glory amekaa na kishikwambi chumbani. Akanikaribisha kwa furaha yake ileile, akaniwekea chai. Nikasema nimekuja kuzungumza juu ya gari. Akaacha kuchambua.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Nani kaniambia nini?"

Akaangalia chumbani, akashusha sauti. Alisema siku moja, Glory akiwa nyuma, breki ilizama wakakaribia kupita taa nyekundu. Alilisimamisha kwa gia na breki ya mkono. Akalipeleka kwa fundi, wakalinyanyua, akaonyeshwa. Tangu siku hiyo halijatoka.

Ilikuwa zamani! Kabla ya theluji, kabla ya baridi yenyewe. Lifti za kanisani ziliisha wakati ule na mimi nikashukuru tu kwamba ameacha kuniita.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningekuambiaje?" Alianza tena kuchambua, taratibu. "Nilijua aliyekuuzia wewe ndiye aliyelipaka. Wewe ungejuaje, mtoto wa vitabu? Nikasema nikimwambia atakufa kwa aibu. Mama yako aliponiuliza, nikamwambia naogopa barafu. Kuna kina mama kanisani waliolisikia wakataka kukusema vibaya, nikawanyamazisha. Nikawaambia yule msichana hakujua, namjua."

Wapendwa, hapo ningeweza kuondoka. Angenisindikiza hadi kwenye lifti ya jengo. Ningerudisha hela kwa upole, ningemlaani Kevo, na ningebaki msichana mzuri aliyetapeliwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Nilijua," nikasema. "Ile rangi ya mwisho niliipaka mimi."

Akaacha tena kuchambua. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikiongeza kibomba, fundi wa plaza, na ule uso niliomfanyia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akafunga mlango wa chumba alimokuwa Glory, akarudi, akakaa.

"Alikuwa nyuma," alisema. "Ulimwona akijifunga mkanda."

"Nilimwona."

"Mimi miezi hii nilikuwa na basi tu na baridi. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja, kukuamini wewe." Akausogeza mchicha upande mmoja wa meza. "Sasa na hicho umekichukua."

Sikupewa msamaha na sikuomba. Nilimrudishia chake chote. Alikihesabu mbele yangu, kitu ambacho asingekifanya kabla. Gari nililipeleka mwenyewe kwenye uwanja wa vyuma chakavu, likiwa limebebwa, nikasimama pale hadi walipolibana, ili nisije nikasikia siku moja linaendeshwa na mtu mwingine mwenye haraka na imani. Kwa kina mama waliotaka kunisema nilikwenda mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa wa mwisho na alikuwa mgumu kuliko wote. Aliniuliza kitu kimoja: siku ile aliyoweka mkono juu ya boneti, alikuwa anaombea nini?

Kwa Kevo bado nina hasira. Sitadanganya kwamba ungamo limenifanya mtakatifu. Nikimwona nahamia upande wa pili wa barabara. Lakini siku hizi siwezi tena kumchukia kwa raha, maana najua ndani ya kichwa chake kulikuwaje alipofungua lile kopo. Najua mpaka harufu yake.

Na ule uwanja bado nautamani.

Sasa wewe unayetafuta gari la bei nafuu, la kujifunzia mbio au la kupeleka mtoto shule: linyanyue. Likiwa la mgeni, linyanyue. Likiwa la aliyekusimamia msiba wa baba, linyanyue kwanza yeye akiwa amesimama pale, na ukiona ameumia, mnunulie chai baadaye. Na wewe unayeuza, ukijikuta unaweka ule uso ili mtu aone haya kukuuliza, acha. Tayari umeshaiba, hata kabla hajatoa hela.

Dada Tumaini anatafuta gari lingine. Nilisikia kwa mama. Nikamfuata baada ya ibada, nikamwambia niko tayari kwenda naye popote, kulala chini, kuchokonoa, hiyo kazi naijua vizuri. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye pasipoti, akasema ahsante, ameshapata mtu wa kwenda naye.